Wakili Seroney na Mjumbe wa Butere



Katika mikutano ya matawi kuna lalamiko ambalo halikosi kutolewa: kwamba chama kinapeleka pesa nyingi kwa mawakili, na kwamba katiba na sheria ni mambo ya wakubwa wa Nairobi, hayamhusu mtu anayekata miwa au anayefagia wodi ya hospitali. Lalamiko hili si la kupuuzwa. Ada ni jasho la mwanachama, naye ana haki ya kuuliza inakokwenda. Lakini kabla hatujasema kwamba sheria haina kazi kwetu, tunaomba msome habari za wakili mmoja aliyekaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu kwa sababu ya maneno machache aliyoyasema akiwa kazini. Mwenziwe katika mkasa huo alikuwa mtu wa hapa hapa petu.

Wakili huyo ni Jean-Marie Seroney, Mnandi, aliyezaliwa mwaka 1927. Vijana wakilisikia jina hilo hudhani ni la Mfaransa. Alisoma Makerere, kisha akavuka bahari mpaka Allahabad, kule India, kusoma sheria, na baadaye Uingereza alikopata uwakili. Kati ya Wakalenjin yeye alikuwa wa kwanza kuifikia kazi hiyo. Siku hizo Mwafrika mwenye shahada kama ile angeweza kufungua ofisi yake mjini na kuhesabu pesa kwa raha. Yeye aliingia katika siasa. Mwaka 1961 alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na chama chake kikawa KADU, chama cha Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, na kijana mmoja wa Butere mwenye sauti kubwa, Martin Shikuku.

KADU ndiyo iliyodai majimbo katika mazungumzo ya katiba yaliyofanyika London mwaka 1962. Wazee wa Kakamega wanayakumbuka, kwa kuwa mji huu ulifanywa makao makuu ya Jimbo la Magharibi, na Baraza la Jimbo likakutana hapa tangu 1963. Halikuishi muda mrefu. KADU ilivunjwa Novemba 1964, wajumbe wake wakavuka upande wa KANU, na Kenya ilipokuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo, majimbo yalikuwa yamekwisha nguvu. Kakamega ikangoja mpaka mwaka 2013 ndipo ikapata tena baraza lake la kutunga sheria, chini ya katiba ya 2010.

Tuseme kweli: wafanya kazi wengi wa wakati ule hawakuyapenda majimbo, na sababu yao ilikuwa nzuri. Mtu wa Kakamega aliyekuwa kulini Mombasa au katika reli Nakuru aliogopa kuambiwa siku moja kwamba yeye ni mgeni, arudi kwao. Na Seroney mwenyewe alitupa sababu ya kuogopa. Mnamo Julai 1969 alisimama mbele ya watu wake, likatolewa Azimio la Nandi Hills, lililosema kwamba ardhi yote ya wilaya ya Nandi ni ya Wanandi. Mashamba ya chai ya Nandi Hills yalikuwa na vibarua Waluhya, Wajaluo na Wakisii, watu waliokuwa wakichuma chai kwa senti na kulala katika nyumba za kambi. Azimio la namna ile halikuwa na mahali pao. Gazeti hili ni la wafanya kazi wa makabila yote, wala halitaufunika ukweli huo kwa sababu tunamsifu mtu kwa jambo jingine.

Hata hivyo angalieni serikali ilivyotenda juu ya azimio lile. Ilimshtaki Seroney kortini kwa kosa la uchochezi. Akasimama, akajitetea, akapatikana na hatia, akatozwa faini, akarudi kwa wapiga kura wake na kiti chake. Mtu anaweza kusema hukumu ile ilikuwa ya haki au haikuwa, lakini kila mmoja aliona shtaka, aliona hakimu, na alijua adhabu inaanzia wapi na inaishia wapi. Shikeni jambo hilo akilini, maana miaka sita baadaye mambo yalifanywa kwa njia nyingine kabisa.

Njia hiyo nyingine ilikuwa imekwisha kutengenezwa mwaka 1966. Mwaka huo katiba iligeuzwa mara kadhaa. Mjumbe aliyehama chama alilazimishwa kurudi kwa wapiga kura, nayo Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wajumbe. Katikati ya mageuzi hayo serikali ilijipa nguvu kubwa zaidi ya kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka kortini, kwa jina la usalama. Wajumbe wengi walipiga kura ya ndiyo. Labda walidhani sheria hiyo ni ya kuwakamata majambazi au wafuasi wa Bwana Oginga Odinga tu.

Na waliotangulia kuonja ni akina nani? Agosti 1966 miongoni mwa waliochukuliwa alikuwamo Ochola Mak'Anyengo, Katibu Mkuu wa chama cha wafanya kazi wa mafuta. Hakushtakiwa kwa mgomo, wala kwa wizi wa pesa za chama. Hakushtakiwa kwa lolote. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1965, vyama vikuu viwili vya wafanya kazi vilikuwa vimefutwa baada ya ugomvi wa Mombasa uliotoa roho za watu, ikaundwa COTU kwa amri ya serikali, na sheria mpya ya magomvi ya kazi ikaufunga mgomo kwa kamba nyingi. Kwa hivyo mfanya kazi asijidanganye kwamba mambo ya katiba yalikuwa ya wanasiasa peke yao.

Sasa tufike 1974. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo Bunge lilijaa wajumbe wapya wenye maneno makali. Hakukuwa na chama cha upinzani, kwa kuwa KPU ilipigwa marufuku mwaka 1969, lakini upinzani wenyewe ulikuwapo, nao ulikaa viti vya nyuma. Watu hawa walimtaka Seroney awe Naibu wa Spika. Serikali haikumtaka. Novemba 1974 Bunge lilifungwa kabla ya kumchagua, na lilipofunguliwa tena Februari 1975 wajumbe walikuwa hawajabadili nia. Akakalia kiti.

Mwezi uliofuata J. M. Kariuki, Mjumbe wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale wa Bungoma. Ripoti ya kamati ilipopigiwa kura mwezi wa Juni, waliokubali walikuwa 62 na waliokataa 59. Hapa watu wa Magharibi wana fahari yao. Masinde Muliro alikuwa Waziri, Peter Kibisu wa Vihiga alikuwa Waziri Msaidizi. Wote wawili walipiga kura pamoja na viti vya nyuma, na pamoja na John Keen wakafukuzwa kazi mara moja. Kibisu huyu ndiye aliyekuwa akikaimu ukatibu mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya wakati Tom Mboya alipoingia serikalini. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya tajiri na kudai mshahara alijua pia kupoteza mshahara wake mwenyewe.

Tarehe 9 Oktoba 1975 Shikuku alikuwa akizungumza Bungeni. Katika maneno yake alisema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Waziri Msaidizi mmoja aliinuka kwa hoja ya nidhamu, akataka Shikuku athibitishe kwamba KANU imeuawa. Waziri Msaidizi huyo alikuwa Clement Lubembe. Wanachama wa zamani watalijua jina: Katibu Mkuu wa kwanza wa COTU. Aliyekuwa kiongozi wetu mkubwa alikuwa upande ule, na Kibisu aliyemtangulia katika Shirikisho alikuwa amefukuzwa kwa kukaa upande huu. Hatusemi haya ili kumtukana marehemu. Kwa kanuni za Bunge Lubembe alikuwa na haki kamili ya kuuliza, na mjumbe akiulizwa athibitishe, kwa kawaida huthibitisha au huondoa maneno.

Aliyekuwa kitini siku hiyo ni Seroney. Aliamua kwamba jambo lililo wazi halina haja ya kuthibitishwa.

Yasemekana kicheko kilikuwa kikubwa kuliko hasira. Nchi nzima ilijua kwamba KANU haikuwa na mikutano, haikuwa na uchaguzi wa matawi, na ofisi zake katika wilaya nyingi zilikuwa na vumbi. Lakini si ukweli wa maneno yale tunaotaka mwangalie. Angalieni kazi ya kiti. Mwenyekiti wa mkutano ameulizwa swali la kanuni, naye ametoa uamuzi. Asiyeridhika ana njia: alete hoja ya kuupinga uamuzi huo, watu wahesabiwe, mambo yaendelee. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na kanuni. Serikali ilikuwa na mawaziri, ilikuwa na mawaziri wasaidizi, ilikuwa na wajumbe wengi waliotaka vyeo. Kama uamuzi wa Seroney ulikuwa mbaya, ungeangushwa kwa kura kabla ya chakula cha jioni.

Hawakupita njia hiyo. Tarehe 15 Oktoba polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawachukua wote wawili, Naibu wa Spika na Mjumbe wa Butere. Sheria ya nchi ilisema kwamba maneno ya mjumbe ndani ya Bunge hayawezi kumpeleka kortini. Nayo ilifuatwa kweli kweli: hawakupelekwa kortini! Walipelekwa kizuizini, chini ya ile sheria ya 1966. Mzee Kenyatta aliwaonya wajumbe waliobaki kwa mfano wa mwewe na vifaranga, wakauelewa. Mwaka uliofuata Chelagat Mutai, mjumbe wa Eldoret Kaskazini, alifungwa, na mwaka 1977 George Anyona wa Kitutu Mashariki naye akachukuliwa kutoka Bungeni.

Mawakili wangeweza kufanya nini? Karibu hawakuwa na la kufanya. Mtu aliyefungwa na hakimu ana tarehe ya kutoka, na wakili wake ana hukumu ya kukatia rufani. Mtu wa kizuizini hana hukumu ya kukatia rufani wala siku ya kuhesabu. Familia yake haijui ilipe nani wala iombe wapi. Seroney aliyejua sheria kuliko wengi waliomfungia mlango hakuwa na korti ya kuingia. Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978, na tarehe 12 Desemba mwaka huo Rais Moi aliwafungua wafungwa wote wa kizuizini. Wote wawili walikuwa wenzake Moi katika KADU miaka kumi na minne iliyopita.

Shikuku alirudi katika kelele zake, na mwaka 1991 alikuwa mmoja wa waanzilishi sita wa FORD, pamoja na Muliro na Odinga, waliolazimisha vyama vingi virudi. Aliaga dunia Agosti 2012. Seroney hakupata umri huo. Katika uchaguzi wa 1979 watu wa Tinderet walimchagua kijana Henry Kosgey, na Desemba 1982 Seroney akafariki, akiwa na miaka 55. Miezi sita kabla ya kifo chake Bunge lilikuwa limeandika katika katiba kwamba KANU ndiyo chama pekee nchini. Chama ambacho yeye alikataa kuombwa ushahidi wa kifo chake kilitangazwa kwa sheria kuwa kingali hai, na mtu mwingine asiruhusiwe kuanzisha kingine.

Katika miaka hiyo hiyo sisi nasi tulipata sehemu yetu. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali kilifutwa, na makarani, madereva na wahudumu wa ofisi za Kakamega, kama wenzao wa kila wilaya, wakakaa miaka ishirini na zaidi bila chama mpaka kiliporudishwa 2001. Wakili John Khaminwa aliwekwa kizuizini mwaka 1982 alipokuwa akimtetea Anyona. Yaani ukimtetea mtu wa kizuizini, unapewa chumba jirani.

Sasa turudi kwa yule ndugu anayeuliza pesa za mawakili zinafanya nini. Tumpe mfano wa siku za karibuni. Februari 2017 madaktari walikuwa katika mgomo uliochukua siku mia moja. Korti ya kazi iliwafunga viongozi saba wa chama chao kifungo cha mwezi mmoja kwa kuidharau amri yake. Sisi hatukuifurahia hukumu ile, wala hatuifurahii leo. Lakini hesabuni siku: walifungwa tarehe 13, mawakili wakaenda Korti ya Rufani, na tarehe 15 wakafunguliwa, wakaendelea na mazungumzo, na mgomo ukamalizika Machi kwa makubaliano. Linganisheni na Mak'Anyengo wa 1966. Wote walikuwa viongozi wa wafanya kazi, na serikali ziliwachukia kwa namna moja. Tofauti ilikuwa ni kwamba madaktari walikuwa na mahali pa kwenda na karatasi zao.

Mahali hapo palijengwa. Nguvu ya kumweka mtu kizuizini bila hukumu iliondolewa katika sheria mwaka 1997, na katiba ya 2010 ikasema mtu akikamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, siku za kazi za korti zikihesabiwa. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 41, imempa kila mfanya kazi haki ya kulipwa kwa haki, kujiunga na chama na kugoma. Kifungu hicho hakijaleta ugali mezani peke yake. Wafanya kazi wa Mumias wanajua. Kiwanda kilichoanza kazi 1973 kiliwekwa mikononi mwa msimamizi wa benki kwa ajili ya madeni mwaka 2019, na watu walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Haki iliyoandikwa bila chama cha kuishika mkono hukaa katika kitabu. Lakini chama bila haki iliyoandikwa ndicho kile cha 1980, kinachofutwa asubuhi na wanachama kusikia habari katika redio.

Wala tusidhani mlango ule umefungwa kwa msumari. Baada ya maandamano ya Juni 2024 juu ya Mswada wa Fedha, vijana walichukuliwa majumbani na barabarani na watu wasiovaa sare, wengine wakakaa siku nyingi bila jamaa zao kujua walipo. Kizuizi cha 1975 kilikuwa kibaya, lakini angalau kilikuwa na sheria yake na tangazo lake. Hiki hakina hata karatasi. Chama cha wafanya kazi kinachonyamaza juu ya jambo hili kwa kuwa waliochukuliwa si wanachama kinarudia kosa la wajumbe wa 1966.

Limebaki jambo moja, nalo ni la nyumbani. Tumesema kiti cha Bunge kilimlinda Shikuku mpaka polisi walipoingia. Je, viti vyetu vinamlinda nani? Tumehudhuria mikutano ya matawi ambapo mwanachama anainuka kuuliza hesabu za pesa, na kabla hajamaliza wakubwa wa tawi wanamzomea, na mwenyekiti anatazama dirishani. Mwingine anaambiwa athibitishe, na vitabu vya hesabu ambavyo vingethibitisha vimefungiwa katika kabati la huyo huyo anayemwambia. Mwenyekiti wa namna hiyo asije akatuambia kwamba anawalaumu waliomkamata Seroney. Kazi yake ni kusema: mwacheni amalize, kisha Katibu atajibu, kisha tutapiga kura. Haihitaji shahada ya Allahabad.

Kwa hivyo tunawaomba wajumbe wote wa kazini, katika mkutano ujao wa tawi, waje na kitabu cha kanuni za chama, na kifungu kinachohusu kazi ya mwenyekiti na haki ya mwanachama kukagua hesabu kisomwe kwa sauti kabla ya shughuli nyingine kuanza. Matawi yasiyo na kitabu yaandike barua ofisini, yakitaja idadi ya nakala. Zitapigwa kwa mashine hii hii inayopiga gazeti hili, na hakuna atakayetozwa senti.